Niliwapunja wakulima kilo mbili kila gunia. Nimeokoka, je, deni limefutwa?

Shikamoo Bi Mwalimu, na Bwana asifiwe.

Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu. Mke wangu anadhani naandika maombi ya kazi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 32, nina mke na watoto wawili, tunaishi Muyeye hapa Malindi. Ni karani wa mizani katika ghala linalonunua korosho. Wakulima hutoka Jilore, Ganda, Kakuyuni, wengine mpaka Marafa, gunia limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Mimi napima, naandika daftarini, tajiri analipa kwa M-Pesa. Si kazi kubwa lakini imetulisha.

Msimu wangu wa kwanza nilipima sawa. Wa pili ulipokaribia, tajiri aliniita jioni watu wakishatawanyika, akanipa bisibisi. Mizani yetu ni ile ya kuning'iniza, ina uso wa duara kama saa ya ukutani, na chini ya uso kuna skrubu ndogo ya kurudisha mshale kwenye sufuri. Akaniambia niizungushe pole pole mpaka mshale upite nyuma ya sufuri, kilo mbili kamili. Nikamuuliza, watu hawataona? Akacheka. "Hakuna anayetazama mizani ikiwa tupu," akasema. "Watu hutazama gunia likishapanda. Likishuka, wewe simama mbele yake, jifanye unaandika." Ndivyo nilivyofanya misimu mitatu. Kila gunia alinipa shilingi 20 juu ya mshahara. Aliziita za soda.

Bi Mwalimu, kwa mdomo wangu sikuwahi kumdanganya mtu. Nilisoma mshale pale ulipo. Hilo lilinifariji kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Mwezi wa Februari mwaka huu alikuja hawe mmoja, yaani bibi mzee, mjane, kutoka upande wa Jilore. Gunia lake alikuwa amelipimisha dukani kwao kabla ya kupanda bodaboda: kilo 43. Mizani yangu ikasoma 41. Nikatoa kilo moja ya gunia, ndiyo kawaida ya ghala, nikaandika 40. Akatazama daftari, maana tarakimu anazijua, akalitazama gunia. Nikangoja agombe. Akasema, "Basi labda zimekauka njiani, mwanangu." Akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule sikulala. Mwezi wa Aprili kanisani kwetu kulikuwa na mkesha, nikaokoka. Sikupokea tena za soda, lakini kusema kweli msimu ulikuwa umeshafungwa, kwa hiyo uamuzi huo haukunigharimu kitu.

Nimepiga hesabu. Misimu mitatu, magunia 1,140. Kilo mbili kwa kila gunia ni kilo 2,280, na kwa bei ya wastani ya shilingi 50 ni shilingi 114,000. Mimi nilipata 22,800. Zilizobaki ni za tajiri.

Nilimweleza mchungaji wetu. Alifurahi kwamba nimetubu, akasema damu ya Yesu imefuta yote, nisifukue kaburi ambalo Mungu ameshalifunika. Tajiri ni mzee wa kanisa hilo hilo. Mabati ya paa alinunua yeye. Sisemi kwamba mchungaji alijibu hivyo kwa sababu hiyo. Nakueleza hali ilivyo tu.

Mke wangu anajua nusu ya habari. Anasema nikienda kwa watu wale na mdomo wangu, watoto watasoma kwa pesa gani?

Sasa kusi imekwisha na msimu unabisha hodi. Wiki jana nimeikuta bisibisi juu ya meza yangu. Tajiri hakusema neno.

Nijibu haya. Je, ninadaiwa, au Mungu ameshanisamehe na yamekwisha? Kama nadaiwa, ni zile 22,800 zangu au zote? Je, lazima niwaambie watu, au naweza kuwarushia pesa kimya kimya? Na kazi, niache?

Karani wa mizani, Malindi


Marahaba mwanangu, na amina.

Barua yako niliisoma jana alasiri barazani, na nilipofika kwa yule hawe nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai isiyohitajika. Nitaanza na yeye, kabla ya mchungaji na kabla ya tajiri.

Angekutukana, ungelala. Mtu akikutukana nawe unapata pa kujishikia: unasema ana mdomo mchafu, hajui biashara, hata wenzake ni hivyo hivyo. Yeye alikutafutia udhuru. Aliposhindwa kuamini kwamba kijana aliyesimama mbele yake anaweza kumwibia, akaona afadhali kuzishuku korosho zake mwenyewe, au jua. Zimekauka njiani! Korosho za Februari, zilizokwisha kuanikwa juani mpaka zikalia zikitikiswa, zikauke kilo tatu kwa safari ya bodaboda. Naye ni mkulima. Anajua korosho kukushinda wewe. Sidhani hata aliliamini neno lake. Nadhani alikuwa anakusitiri.

Unasema mdomo wako haukudanganya. Agostino, yule askofu wa Hippo, mji uliokuwa pwani ya Algeria ya leo, aliuandikia uongo vitabu viwili, kimoja kabla ya mwaka 400 na kingine baadaye katika uzee wake. Hakuutafuta uongo kwenye ulimi peke yake. Aliutafuta kwenye nia: mwongo ana moyo wa namna mbili, kimoja anachokijua na kingine anachokitoa nje. Mtu anaweza kusema jambo lisilo kweli naye asiwe mwongo, kwa kuwa amekosea tu. Nawe ulisoma "arobaini na moja", mshale ukakubaliana nawe, na bado ulikuwa uongo, kwa sababu ni wewe uliyeufundisha mshale la kusema.

Nami sikuhukumu kutoka juu ya mti. Nikiwa na miaka tisa au kumi, mama aliniweka sokoni niuze kunde na pojo kwa kibaba. Vijana wa siku hizi hamkijui: kulikuwa na kibaba cha mfuto, unafuta juu kwa kiganja kikawa sawa na ukingo, na kulikuwa na kibaba cha tele, kina kilima juu. Mimi niligundua, na hakunifundisha mtu, kwamba ukishika kibaba huku dole gumba limeingia ndani, kunde za ukubwa wa dole hilo hubaki kwako. Nikauza hivyo hata sijui siku ngapi. Mzee mmoja mvuvi akanitazama nikipima, akanyoosha mkono, akalitoa dole langu taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akangoja nijazie. Hakusema kitu, wala hakumwambia mama. Nina miaka 71 na dole hilo bado naliona nikipima mchele wa wageni.

Sasa mchungaji wako. Neno la kwanza alilokwambia ni kweli na ulishike: Mungu anasamehe, na hasamehi kwa kulipwa. La pili ndilo linalonitatiza. Kuna madeni mawili hapa, na alichokifanya ni kulisoma moja akadhani amesoma yote mawili. Kwa Mungu umekosa, ukaungama. Lakini kilo tatu za hawe hazikutoka mfukoni mwa Mungu. Zilitoka shambani kwake, chini ya mkorosho aliouokotea mwenyewe akiwa ameinama. Mungu akisamehe deni lake, halisamehe la hawe kwa niaba yake bila kumuuliza.

Fungua Mambo ya Walawi, mlango wa 6. Aliyedhulumu jirani yake anaambiwa arudishe kitu kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe. Halafu, baada ya hapo, ndipo alete sadaka yake ya hatia. Angalia utaratibu huo. Kisha nenda Luka 19 kwa Zakayo. Sisi huimba kuhusu mkuyu na ufupi wake, tukaishia hapo. Lakini aya ya 8 ndiyo yenye hesabu: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Na ile kauli ya Bwana, kwamba leo wokovu umefika nyumbani humu, iko aya ya 9. Sisemi wokovu unanunuliwa kwa mara nne. Nasema ulipofika, kitu cha kwanza ulichogusa ni mfuko.

Agostino huyo huyo, katika barua aliyomwandikia afisa mmoja wa Kirumi aliyeitwa Macedonius, alisema bila kuzunguka: mtu akiwa anaweza kurudisha alichochukua naye harudishi, toba yake haifanywi, inaigizwa. Kwa hiyo, la kaburi kufukuliwa, mwambie mchungaji kwa adabu zote kwamba aliyemo kaburini bado yu hai na anauza korosho.

Swali lako la kiasi gani. Hapa itabidi nikuudhi.

Umehesabu kilo mbili. Mimi nikisoma barua yako naona hawe alikuja na 43 akaandikiwa 40. Ni tatu! Ile moja umeipitisha kama "kawaida ya ghala". Nikaenda jikoni, nikachukua gunia la nailoni lililobeba mchele wangu wa Idi na Krismasi, nikalikunja, nikaliweka juu ya mizani ya kupimia unga: gramu 130. Kama yenu ni ya namna hiyo, na siku hizi karibu yote ni hiyo, basi kila mlipotoa kilo moja ya gunia mlichukua gramu 870 za korosho. Zidisha kwa 1,140: ni kilo 991 na ushei, shilingi 49,500 na kitu. Ongeza kwenye 114,000 yako, unakaribia 163,600. Mwanangu, hata barua yako ya toba ilikuwa na dole gumba ndani.

Sikushangai. Kilo ya gunia inatangazwa wazi, kila ghala inaitoa, wakulima wenyewe wameizoea, kwa hiyo macho hayaioni tena. Skrubu ilikufanya ujione mwizi kwa kuwa ilizungushwa gizani. Hii nyingine ilifanywa mchana, ikaitwa utaratibu. Ningekuwa mtu wa kuapa ningeapa kwamba pwani hii watu wamepunjwa zaidi kwa utaratibu kuliko kwa bisibisi.

Je, ulipe yote? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile ya mwaka 1992, kifungu cha 2412, inasema walioshiriki wizi au kufaidika nao wakijua wanapaswa kurudisha kwa kadiri ya jukumu lao na ya sehemu waliyopata, na inawataja pia walioamuru. Hata kama wewe si Mkatoliki, huo ni uzani mzuri. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, angekubana zaidi yangu: kwake aliyeamuru ndiye wa kwanza kudaiwa, lakini aliyetenda naye anafuata nyuma yake, na mmoja akishalipa mwenye mali, mwingine hadaiwi tena na mwenye mali huyo. Kwa lugha ya Malindi: deni lote linamkaa tajiri kichwani, na akiligoma, haliondoki nyumbani kwako eti kwa sababu wewe ulikuwa karani.

Ushauri wangu ni huu. Zile 22,800 ni zako bila ubishi. Lipa hizo kwanza. Ukitaka kufuata Walawi, weka na sehemu ya tano, zinakuwa 27,360. Mara nne ya Zakayo usijitwike. Thoma mwenyewe aliliona hilo, akasema Zakayo alikuwa anatoa zaidi ya alichodaiwa, ndiyo maana alitangulia kutaja nusu ya mali yake kwa maskini. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru. Wewe una kodi ya nyumba Muyeye. Zilizobaki mpelekee tajiri, nitakueleza namna. Akikataa, utalipa kidogo kidogo kadiri unavyoweza, pengine miaka. Usiwanyime wanao chakula ili dhamiri yako ipate kupumua haraka. Hao nao ni wadai wako.

Fungu lako la kumi lisimamishe. Najua nikisema hivi nitapigiwa simu. Lakini Mathayo 5 inasema ukikumbuka mbele ya madhabahu kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, ukapatane kwanza, kisha urudi uitoe. Wewe hujakumbuka tu, una daftari lenye majina. Fungu la kumi la mwaka huu lielekee Jilore na Marafa.

Kuwarushia kimya kimya? Fikiria mwenyewe. Mzee yuko shambani, simu inalia, amepokea shilingi 240 kutoka kwa mtu asiyemjua. Kwa Kenya hii ataamini nini? Kwamba ni matapeli, na dakika yoyote watapiga wamwambie "nimekosea namba, nirudishie". Wengine wataogopa hata kuitumia. Kisha pesa isiyo na maneno inakuwa sadaka: unamgeuza mtu uliyemdhulumu kuwa mtu uliyemfadhili. Na yule hawe ataendelea kuzishuku korosho zake mpaka anaingia kaburini.

Nenda kwa miguu yako. Si kwa wote siku moja. Anza na wale waliouza mara nyingi. Usiende peke yako, chukua mtu mzima anayeheshimika upande huo, asiyetaka makuu. Useme machache: mizani niliyopima ilikuwa imepunguzwa, mkono uliozungusha ni huu, hesabu yako ni hii, leo nimeleta kiasi hiki. Usimtaje tajiri kila nyumba kana kwamba ndiye uliyekuja kumshtaki. Wakikuuliza ni nani aliyeamuru, usidanganye. Wengine watakusamehe deni papo hapo, nawe waambie asante na uwaachie pesa. Mmoja wawili watakufokea, na pengine mmoja atakupeleka polisi. Hilo lazima ulijue kabla hujatoka nyumbani. Mizani ya biashara nchini kwetu inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, na kuichezea ni kosa la jinai, si dhambi tu. Kabla ya ziara ya kwanza, zungumza na wakili. Wapo wanaosikiliza bila malipo makubwa. Ukweli haukukatazi kujua sheria.

Wale usioweza kuwapata, waliokufa wasio na warithi unaowajua, majina yasiyosomeka: ukishawatafuta kweli kweli, toa kiasi chao kwa maskini kwa niaba yao. Hilo nalo ni la Thoma. Usianze nalo kwa sababu ni rahisi.

Jambo moja kwa wasomaji wengine, maana najua watakaosema haya ni mambo ya walokole. Nilimsimulia kisa chako jirani yangu Mwislamu, bila jina wala mahali, naye kabla sijamaliza akaniambia ipo sura nzima katika Kurani inayoitwa kwa jina la watu hao, Al-Mutaffifin, sura ya 83: ole wao wapunjao, ambao wakipimiwa hutaka kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa kule India, aliandika kwamba mkubwa mmoja wa mji alimlalamikia dini imepoa: misikiti ilikuwa 17, inayohudhuriwa ni mitatu. Leo Ijumaa misikiti inafurika na Jumapili sisi tunaweka viti nje chini ya turubai. Mkubwa yule angefurahi. Ningemwomba tu apitie na maghala.

Kuhusu tajiri. Mathayo 18 inakutuma kwake ukiwa peke yako naye, na mimi naongeza: kabla ya msimu, si katikati yake, na si kanisani. Usiende na hotuba. Rudisha ile bisibisi mkononi mwake, umwambie, "Bwana, mwaka huu sitaizungusha. Naomba mizani ipelekwe ikapigwe muhuri kabla hatujafungua, na gunia tupu tulipime mbele ya watu." Hapo umempa mlango wa kutokea na heshima yake, kwa sababu kupeleka mizani kukaguliwa ni jambo ambalo mfanyabiashara yeyote anaweza kulifanya bila kuulizwa kwa nini. Kisha mwonyeshe hesabu, ile ya 163,600, si ya 114,000. Mwachie karatasi. Usimngoje ajibu siku hiyo. Mtu aliyeezeka kanisa hapendi kulia mbele ya karani wake.

Niache kazi? Watoza ushuru walipomjia Yohana Mbatizaji mtoni wakamuuliza wafanye nini, na kazi yao ilinuka kuliko yako, hakuwaambia watupe meza zao. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao akawaambia watosheke na mishahara yao. Kwa hiyo mizani ikirudi kwenye sufuri, kaa. Tena nitafurahi ukikaa, maana karani anayejua pale uongo unapojificha anawafaa wakulima kuliko mgeni. Asipokubali, ondoka, hata kama ni siku ya kwanza ya msimu. Sitakuahidi kwamba Mungu atakuletea kazi nyingine kufikia Jumatatu. Nimewaona walioambiwa hivyo wakikaa mwaka mzima. Ndiyo sababu mke wako ajue habari yote leo, siyo nusu, na mpange pamoja ada ya muhula ujao ikiwa mshahara utakatika. Ulimzoesha naye kusoma mshale uliorudishwa nyuma.

Umeandika maswali manne; la tano hukuliuliza, lakini lipo. Wataniitaje? Watakuita mwizi, mwanangu, kwa miezi kadhaa. Baadaye wengine watasahau, na wengine watakuletea magunia yao wewe, si ghala lingine.

Anza na Jilore. Ukifika usikae kwenye kiti mpaka ukaribishwe, na usitangulize pesa. Msalimie hawe, umkumbushe wewe ni nani, umwambie zilikuwa kilo arobaini na tatu. Hazikukauka njiani.